Barua kwa Rehema

Mpwa wangu Rehema,

Huku Tanga hatujambo, ila bibi yako goti linamsumbua tangu masika yaanze, na hospitali hataki kuisikia. Mama yako kanipigia juzi kusema umeusimamisha mradi wako wa sumaku mpaka chuo kinunue mashine mpya. Limenikaa moyoni siku mbili.

Hebu sikiliza habari ya Stuart Parkin, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani waligundua, kila mmoja kivyake, kwamba ukipandanisha tabaka za chuma na kromi zenye unene wa atomi chache tu, ukinzani wa umeme hubadilika sana zikikutana na sumaku. Tabaka zao zilijengwa polepole, kwa mitambo ghali. Parkin akashika njia nafuu iliyozoeleka viwandani: unalipiga bamba la metali kwa gesi yenye chaji, atomi zinaruka, zinatua unapotaka. Kazi ya haraka, mwanangu! Akajaribu maelfu ya michanganyiko hadi akapata kihisi kinachoitikia sumaku dhaifu, katika joto la kawaida la chumba. Kihisi kinachosoma diski ya kompyuta kikiwa makini, alama za sumaku kwenye diski huweza kuwa ndogo, na nyingi zaidi zikaingia. Diski ya IBM ya mwaka 1956 ilikuwa zigo la kama tani moja, ikibeba megabaiti 5 tu. Ya mwaka 1997, yenye kihisi hicho, iliingia ndani ya kompyuta ya mezani ikiwa na gigabaiti 16.8.

Nobel ya 2007 walipewa Fert na Grünberg. Parkin hakususa; akaendelea na sumaku zake.

Mimi nilipokuwa kijana nilitaka kuuchunguza mchanga mweusi wa ufukweni, ule unaonata kwenye sumaku. Nikasubiri darubini nzuri. Nimestaafu ualimu, na daftari langu limo kabatini, kurasa nne tu zimeandikwa. Mgoja meli huikosa na ngalawa.

Kwa hiyo Jumatatu urudi maabara, uwashe hiyo mashine kuukuu. Na huyo mwenzako wa chumba anayechungulia barua hii begani mwako, msalimie, naye aende.

Nipigie Ijumaa uniambie sampuli ya kwanza imetokaje, hata kama imeharibika.

Mjomba wako,
Salim