Samaki wa Leeds

Kwetu Sumbawanga sikuwahi kuuliza nyama imechinjwa na nani. Waislamu tu wachache katika nyanda za Ufipa, nchi ambayo mapadri wa Kikatoliki waliifikia tangu karne ya 19. Lakini mchinjaji alikuwa Mwislamu, na jambo likaishia hapo. Hata Krismasi na Pasaka jirani zetu Wakatoliki walimwita marehemu baba alfajiri aje awachinjie mbuzi, ili nasi tukialikwa tuweze kula. Baba aliondoka na kisu chake kimeviringwa kitambaani, akarudi na paja moja. Nami nikadhani dunia nzima ndivyo ilivyo.

Mwaka 1994 nilikwenda Leeds, Uingereza, kwa masomo ya mwaka mmoja. Juma la kwanza nilikula mayai na mkate mpaka tumbo likagoma. Ndipo nikagundua duka la samaki na chipsi. Samaki hachinjwi, nikajiambia, hapa nimepona. Nilikula pale karibu kila jioni, bismillahi mdomoni, kwa mwezi na zaidi, mpaka Mkatoliki mmoja wa Mbeya, tuliyepakana vyumba, aliponiuliza kwa upole, "Shehe, unajua hao wanakaangia nini?"

Kumbe huko Yorkshire maduka mengi hukaangia mafuta ya ng'ombe. Ng'ombe yupi, kachinjwa vipi, nani ajuaye!

Usiku ule sikulala. Wapo wanaosema chakula cha watu wa Kitabu ni halali kwetu, kwa aya ya 5 ya Sura ya Al-Maida. Wapo wanaoshikilia kwamba mnyama asiyechinjwa kisheria ni mzoga tu. Mimi si mwanachuoni. Kilichonikosesha usingizi ni kingine: harufu ile niliijua tangu siku ya kwanza. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama siku ya Idi. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Jumamosi yake Mkatoliki huyohuyo alinipeleka kwa basi hadi Harehills, kwenye bucha ya Mpakistani. (Bradford, mji wa jirani, halmashauri ilianza kuwapa watoto wa Kiislamu nyama halali shuleni mwaka 1983, tena kwa ugomvi mkubwa.) Tulinunua mguu wa kondoo, tukaupika, tukala wote wawili.

Niliporudi nyumbani mwaka 1995 mama aliniuliza, "Mwanangu, huko kwa Wazungu ulikuwa ukila nini?"

"Samaki, mama."

Akafurahi. Alidhani ni kama mgebuka wa Kasanga, wa kuchemshwa kwa chumvi na nyanya. Sikumsahihisha.