Kisima cha Shela na Bwawa la Wageni

Mwezi wa Februari tulisafiri kwenda Lamu, sisi na mama watoto. Kutoka Mokowe tulivuka kwa boti hadi mji mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kisha tukafuata ufuo kwa miguu mpaka Shela, mwendo usiozidi saa moja.

Mwenyeji wetu ni mjane aliyerithi nyumba ya mawe kwa marehemu babake, akaifanya nyumba ya wageni yenye vyumba vitano. Juu ni boriti za mikoko, ukutani ni vidaka, na uani ni bustani ya mkomamanga, mlimau na mrehani. Baada ya sala ya alfajiri hunukia mahamri na mbaazi. Katikati ya bustani lipo bwawa dogo la kuogelea, limezungushiwa ukuta mrefu ili wageni wasionwe na jirani wanaoanika nguo darini, wala jirani wasionwe na wageni.

Tulilikuta bwawa kavu.

Tulipouliza, alitueleza. Wageni wengi huja wakati wa kaskazi, na ndio riziki yake ya mwaka mzima. Lakini kaskazi haina mvua. Maji ya Shela hutoka chini ya vilima vya mchanga. Mvua huzama mchangani, yakakaa maji matamu juu ya yale ya bahari. Kisima kikitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda.

Mwaka uliotangulia alikuwa akilijaza bwawa kwa pampu kila siku. Asubuhi moja jirani yake, bibi wa makamo, akamletea kikombe cha chai, akaketi kimya. Alipoionja, chai ilikuwa na chumvi.

"Maalim, kikombe kile kilinishinda," alisema. "Tangu siku ile siwashi pampu mpaka masika."

"Na wageni, dada?" mama watoto akauliza.

"Wawili wamevunja safari. Hasara ipo, na karo ya mwanangu sijaimaliza. Wanaobaki huwaonyesha kisima, wakaelewa. Bahari iko hatua chache, na waogelee huko."

Tulinyamaza. Mara ngapi tumekaa juu ya mimbari tukafundisha kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwafanya watu kuwa washirika katika maji? Nasi nyumbani twatawadha bomba likimwagika. Wazee wa Lamu walioga kwa kata katika birika, na humo birikani walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Hawakupungukiwa na usafi.

Kumkirimu mgeni ni katika imani, wala hatusemi bwawa ni haramu. Lakini ukarimu unaotolewa katika ndoo ya jirani si mali ya mwenyeji kuutoa. Basi mnapopanga safari za familia, ulizeni bei, ulizeni sitara, na ulizeni pia maji yatoka wapi.

Tulipoondoka, mwenyeji alikataa malipo. Mama watoto akayaacha kidakani, chini ya msahafu, timamu kama ya mgeni yeyote.

Mwenyezi Mungu ambariki katika riziki yake, na atujaalie majirani wa kutuletea chai kama ile. Amin.