Keki ya Matofaa kule Lushoto

Akina mama wenzangu, ukitoka Tanga kwa basi la asubuhi, joto hukusindikiza hadi Mombo. Pale gari huiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni kama kilomita 33 tu hadi Lushoto, lakini kona ni nyingi, na mama niliyekaa naye alifumba macho mpaka Soni, penye maporomoko ya maji. Mimi nami nilikuwa na hofu, ila si ya kona. Nilikuwa nakwenda kwa wifi yangu, ambaye tulikuwa hatujasemezana kwa miaka 2.

Mama mkwe alipofariki nilikuwa zamu ya usiku wodini, na ruhusa niliipata kwa kuchelewa. Nilifika kaburi limekwisha kufukiwa. Wifi alinitazama, akasema, "Wagonjwa wa watu umewauguza, wa kwako umemwacha." Sikumjibu. Labda ningemjibu ingekuwa afadhali.

Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana matofaa, ambayo sokoni tunayaita maepo, huzaa kule na si kwetu Tanga. Mtofaa hutaka baridi ndipo uchanue vizuri. Matunda ya kule si makubwa wala hayang'ai kama yale ya kutoka Afrika Kusini yaliyobandikwa vikaratasi. Ni madogo, magumu, yenye ukali kidogo. Kwa keki ndiyo hasa, maana hayavurugiki upesi motoni.

Nilimkuta wifi jikoni. Alinipokea mzigo, akanipa kisu na bakuli lenye matofaa 8. "Menya." Nikamenya.

Wengi wetu tunalalamika kwamba keki ya matunda hubaki mbichi katikati. Sababu ni maji ya tunda. Wifi huyakata matofaa vipande vyembamba, huyakamulia ndimu yasibadilike rangi, kisha huyapika kwa vijiko 3 vya sukari na mdalasini mpaka maji yakauke. Unga vikombe 3, siagi robo kilo, sukari kikombe 1, mayai 4, maziwa kikombe 1. Beking pauda nilitaka kutia vijiko 2 vya chai kama nifanyavyo nyumbani, akanishika mkono.

"Huku milimani kimoja na nusu, wifi. Ukizidisha itaumuka haraka, halafu itashuka katikati. Mama ndiye aliyenifundisha."

Alipaka sufuria siagi, akamimina mchanganyiko kidogo, akapanga matofaa, mchanganyiko tena, matofaa tena, akafunika kwa mchanganyiko uliobaki. Sufuria ile ikaingia ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga uliokwisha kupata moto. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Inahitaji karibu saa nzima.

Tukakaa kungoja, na hapo ndipo aliponisimulia usiku wa mwisho. Mama alikuwa ameniulizia. Alipoambiwa niko kazini, alisema, "Mwacheni, asije akamwacha mgonjwa wa mtu." Neno hilo wifi alikaa nalo miaka 2 kwa sababu ya hasira. Nililia, naye akalia. Makaa hakuna aliyeyakumbuka, na upande mmoja wa keki ukaungua.

Tulikwangua palipoungua, akaomba sala ya chakula, tukala ikiwa bado ya moto. Kesho yake alinifungia nusu iliyobaki pamoja na matofaa ya kutosha kikapu. Basi lilipofika Mombo, joto lilitupokea tena, na kikapu kikaanza kunukia gari zima.