Maputo Manne na Ndimu

Maabara ya shule yetu pale Tanga ilitazama bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 meli za mkonge zilikuwa zimepungua bandarini, na gesi ya maabara ilikwisha siku nyingi. Kwenye mabomba yake tulitundika mifuko ya madaftari. Tulichemshia majiko ya mafuta ya taa, na moshi wake ukachanganyika na spiriti, vumbi la chaki na chumvi ya upepo.

Mwalimu wa kemia aliingia na maputo. Akafunga manne kwa vifundo, akayaachia, yakasukumana mpaka kila moja likapata upande wake. “Kaboni ya methani hiyo, vijana.” Obitali moja ya s na tatu za p zimechanganywa, zimetoka nne zinazolingana: sp3, nyuzi 109.5. Wazo la Linus Pauling, mwaka 1931, ingawa sisi tuliona ni la mwalimu wetu. Akapasua moja, paa! Darasa la jirani wakapiga kelele. Yaliyobaki yakalala bapa, nyuzi 120: etheni, gesi inayoivisha ndizi. Paa tena, na mawili yakanyooka, nyuzi 180: asetilini ya mafundi wa kuchomelea.

Amini tulizifikia kusi likivuma. Alipofungua kichupa cha kahawia, darasa zima liligeukia dirishani tukidhani mashua zimerudi. Harufu ya samaki aliyelala, hasa! Akafunga maputo manne tena, matatu meupe na moja jekundu. Naitrojeni ya amini hushikana na wenzake kwa yale matatu. Jekundu ndiyo jozi pweke ya elektroni, inayongoja protoni ya asidi yoyote ipitayo.

Jumamosi nilishuka ufukweni kwa mama mmoja aliyekaanga samaki chini ya mkungu. Mafuta yalichirizika, naye alikamulia ndimu vibua vilivyopasuliwa mgongo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona wanusanusa?”

Nikamweleza, kwa mbwembwe zote za kidato cha tano, kwamba asidi ya ndimu huipa amini protoni, ikageuka chumvi isiyoruka hewani, ndiyo maana shombo hukatika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza kibua.

“Mwalimu wako ndiye kakufundisha hayo?”

“Ndiye, mama.”

“Muulize basi, lile deni langu la vibua nalo limegeuka chumvi?”