Majani Yasiyo Majani

Katika maduka ya Awendo, Rongo na Migori mjini, mnunuzi huagiza majani naye muuzaji humpa unga. Hakuna anayeshtuka. Pakiti hufunguliwa, kijiko huzama katika punje nyeusi zinazokaribia kufanana na baruti, nazo punje hizo humwagwa sufuriani zikiwa bado zinaitwa majani ya chai. Mwanaisimu anaweza kulieleza jambo hili kwa wepesi: neno limebaki, kirejelewa kimebadilika. Lakini kwa mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, ambaye ameishi viungani mwa Awendo takriban maisha yake yote ya utu uzima, pengo hilo baina ya neno na kitu halikuwa suala la semantiki. Lilimfikia kwa njia ya kliniki.

Ilikuwa mjini Homa Bay, alikokwenda kupimwa macho yaliyokuwa yakififia. Aliyempima alimwuliza maswali machache, akamtoa damu kidoleni, kisha akamweleza kwamba tatizo halikuwa macho peke yake. Alikuwa na kisukari. Mtu wa kwingine angeipokea habari hiyo kwa namna yake. Mtu wa Awendo huipokea kwa namna ya pekee. Tangu kiwanda cha sukari cha South Nyanza kianzishwe mwaka 1979, mji huo umeishi kwa miwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa na shamba la ekari mbili za miwa nyuma ya nyumba, na karo ya wanawe, angalau ile iliyoshindwa kutoka katika mshahara, ilitoka humo. Sasa zao lililosomesha watoto lilikuwa limegeuka kuwa kitu cha kuepukwa na baba yao.

Mhudumu hakumkataza chai. Alimkataza sukari. Mwalimu alipiga hesabu ndani ya matatu ya kurudi Rongo: vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, gramu nne hivi kila kijiko. Gramu 60, kabla ya kuhesabu chakula chochote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya mlo wa siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na ni bora ikiwa nusu ya hiyo. Yeye alikuwa akivuka mpaka huo kwa chai peke yake.

Wiki ya kwanza alikunywa chai ileile ya siku zote, bila sukari. Ilimshinda. Ilikuwa chungu, ikikausha ulimi kama embe bichi. Hapo ndipo alipoanza kuuliza kwa nini.

Jibu limo katika mashine. Karibu chai yote ya Kenya husindikwa kwa mtindo uitwao CTC, uliobuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930: majani yaliyonyaushwa hupitishwa kati ya magurudumu yenye meno ambayo huyaponda, huyararua na kuyaviringa kuwa punje. Punje ndogo hutoa rangi upesi, hutoa nguvu upesi, na hutoa uchungu upesi vilevile. Haikukusudiwa inywewe peke yake. Ilikusudiwa isimame imara mbele ya maziwa na sukari, na kwa kazi hiyo hakuna inayoishinda; anayeidharau chai hiyo hajawahi kunywa kikombe chake asubuhi ya mvua, kando ya sahani ya viazi vitamu. Lakini ukiiondolea sukari, umeuondoa mguu mmoja wa figa.

Historia nayo ina sehemu yake. Chai ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, kisha kampuni za Kiingereza zikafungua mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920. Waafrika wadogo hawakupata nafasi ya maana ya kuipanda hadi baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na shirika la KTDA liliundwa mwaka 1964 kuwahudumia. Leo nchi huzalisha zaidi ya kilo milioni 500 kwa mwaka, na sehemu kubwa mno hupita mnadani Mombasa kuelekea Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Mtindo wa kuichemsha pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja ni wa Kihindi, na wenye maduka wa Kihindi walikuwa Kendu Bay na Homa Bay zamani, wakati barabara nyingi za huko zilikuwa bado ni vijia vya ng'ombe.

Mkombozi wa Mwalimu alikuwa binti yake, anayefanya kazi Muscat. Huko Omani chai inayopendwa na wengi ni ya karaki, nzito kwa maziwa na iliki, tamu kupita kiasi. Kwa hiyo si Waomani waliomfundisha. Lakini maduka ya huko huuza chai ya Sri Lanka na ya Darjeeling ikiwa majani mazima, na binti alipokuja likizo alileta makopo mawili, pamoja na pakiti ya chai ya kijani kutoka Uchina. Mwalimu alimimina kidogo kiganjani. Yalikuwa majani kwelikweli: marefu, yaliyojisokota, mepesi kama manyoya.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa msamiati. Kiswahili cha Kenya husema "kupika chai", na kitenzi hicho hakina makosa, kwani ndivyo inavyofanywa: huwekwa motoni ikatokota. Majani mazima hayataki kutokota. Hutiwa katika birika, yakamwagiwa maji ya moto, yakaachwa. Binti alimweleza mama yake kwamba chai hii "hulowekwa" dakika tatu.

"Nguo ndizo hulowekwa, mwanangu," mama alijibu. "Chai hupikwa."

Huyo mama, ambaye mumewe humwita Nyar Kabondo, binti wa Kabondo, alikuwa amempikia Mwalimu chai kwa miaka 38. Ni yeye aliyejua kiasi cha maziwa, muda wa kuchemka, na kwamba sukari hutiwa ikiwa sufuria bado iko motoni. Alipofunua birika baada ya hizo dakika tatu na kuona majani yamekunjuka, ya kijani kibichi, alisema yalikuwa mnavu uliosahaulika na mpishi. Kicheko kilikuwapo, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine. Mume aliyekunywa kutoka sufuria yake maisha yote sasa alikuwa na birika lake, maji yake, saa yake. Maradhi yalikuwa yamemtenga naye mezani, na chai hii ya kigeni ilionekana kuyaunga mkono.

Mwalimu hakuliona hilo mapema. Alikuwa ameshughulika. Aligundua kwamba maji ya kisima chao, yenye chumvichumvi, hufanya chai ya Darjeeling iwe na utando juu na ladha iliyolala, ilhali maji ya mvua kutoka katika tangi la paa huitoa ikiwa safi na yenye kung'aa. Aligundua kwamba katika mwinuko wa Awendo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na hilo si hasara kwa chai nyeusi. Kwa chai ya kijani aliyaacha maji yapoe dakika kadhaa hadi nyuzi 80 hivi, kwa sababu yakiwa moto sana huivua uchungu wote mara moja. Aliona pia kwamba majani yaleyale huweza kumwagiwa maji mara ya pili, na yale ya Uchina hata mara ya tatu. Hoja hii ilikuwa muhimu kuliko zote, kwa maana gramu 100 za chai kama hiyo zinagharimu mara kadhaa bei ya unga wa dukani, na pensheni ya mwalimu haina mzaha.

Sharti isemwe kwamba hakuwa mgonjwa wa ushabiki. Muuzaji mmoja wa Migori alijaribu kumwuzia "chai ya kutibu sukari". Mwalimu alimrudishia pakiti, akamwambia dawa zake anazipata kliniki na kwamba chai anainywa kwa sababu ni tamu.

Tamu! Neno hilo nalo lilianza kumsumbua. Kwa Kiswahili, kitu kitamu si lazima kiwe na sukari. Samaki ni mtamu, hadithi ni tamu, usingizi ni mtamu. Lugha ilikuwa imejua siku zote jambo ambalo ulimi wake ulikuwa ukijifunza uzeeni. Akakumbuka kwamba Waswahili wa pwani waliiita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa, kwa jina la mkoko ambao gome lake jekundu hutumika kulainisha ngozi na kutia rangi. Ulinganisho huo ni wa rangi, lakini umegonga ndani zaidi ya rangi: kinachoifanya ngozi kuwa ngozi na kinachoukausha ulimi wa mnywaji wa chai kavu ni ndugu wa ukoo mmoja kikemia. Lenyewe neno chai lina safari yake. Husemwa kwamba lugha zilizoipokea bidhaa hii kwa njia ya nchi kavu zilichukua neno la aina ya "cha", na zilizoipokea baharini kwa Waholanzi kutoka Fujian zilichukua la aina ya "te". Waswahili waliipokea baharini, ila kutoka kwa watu walioipata barani. Kanuni nzuri huwa hivyo.

Mwezi uliofuata alimtembelea mwenzake wa chuo cha ualimu, upande wa Ogembo, ambako miwa ya Migori hukoma na michai ya Kisii huanza. Kilichomshangaza si michai bali jiko. Mke wa mwenzake alikuwa ametoka kupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, majani mawili na chipukizi kwa kila chumo, na sasa alikuwa akifungua pakiti ya unga aliyoinunua dukani. Huhitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai. Yeye alikuwa amebeba mgongoni zaidi ya kilo tatu kamili zake, na jani lililo zima hajawahi kulinywa.

Walijaribu, kwa mchezo. Walitandaza konzi kadhaa za majani kwenye ungo usiku kucha hadi yakanyauka. Asubuhi waliyaviringisha viganjani hadi utomvu ukatoka, wakayaacha kivulini saa mbili tatu yakageuka rangi ya shaba na kutoa harufu kama ya tufaha, kisha wakayakausha kwenye kikaango juu ya moto mdogo. Sehemu iliungua. Sehemu iliyonusurika ilitoa vikombe vinne, na mwenye shamba, aliyechuma chai tangu utotoni, alikishika chake kwa mikono miwili na kuuliza kama hii ndiyo waliyokuwa wakiiuza siku zote.

Si kwamba nchi imelala kabisa. Kiwanda cha Kangaita, Kirinyaga, husindika pia chai ya majani mazima, na mwaka 2011 watafiti wa Kericho walitoa aina ya TRFK 306, mchai wenye majani ya zambarau. Ni pakiti ya chai hiyo, iliyoagizwa Nairobi, iliyomvuta Nyar Kabondo. Alikamulia ndimu kwenye kikombe cha mumewe, na chai ikabadilika rangi mbele ya macho yake, ikawa ya waridi. Alinusa, akaonja, akasema si mbaya. Siku hiyo hakusema zaidi.

Mwezi wa Agosti palikuwa na matanga Karachuonyo. Katika misiba ya huko chai hupikwa katika sufuria ambazo mtoto anaweza kuoga ndani yake, sukari ikiwa imeshatiwa, na kukataa kikombe ni kuwakataa wafiwa. Mwalimu alikuwa amezoea kukishika mkononi hadi kipoe, kisha kukimwaga kisirisiri penye nyasi. Alikuwa ameketi chini ya turubai, kikombe mkononi, mke wake alipopita kutoka upande wa wanawake, akakitwaa, akakinywa mwenyewe kwa mafunda matatu. Kisha akatoa chupa ndogo ya chai mkobani na kukijaza tena.

"Kunywa, Mwalimu," alisema. "Nimeyaloweka dakika tatu, nikayatoa."