Mkuu Aliyeandaa Warithi

Wako viongozi ambao siku ya kuondoka kwao ndiyo siku ya kuvunjika kwa kazi yao. Wako na wengine, nao ni wachache, ambao kazi yao huzidi kusimama hali wao wamo kaburini. John Cranko alikuwa mmoja wa hao wachache.

Cranko alizaliwa mwaka 1927 mjini Rustenburg, Afrika ya Kusini. Ujanani alikwenda London kujiendeleza katika baleti, ngoma ya jukwaani ya Kizungu ambayo husimulia kisa kwa viungo vya mwili pasipo kutamka neno. Mwaka 1961 alikabidhiwa kundi la baleti la Stuttgart, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule.

Hakukimbilia wachezaji wenye majina. Alimchukua Marcia Haydée, binti wa Brazil asiyejulikana sana, akamfanya mchezaji wake mkuu. Alitunga michezo kwa kuwatazama watu wake, kama fundi cherehani apimaye mwili kabla ya kukata kitambaa. Ndivyo ilivyozaliwa Onegin mwaka 1965. Mwaka 1972 alitunga mchezo ulioitwa kwa herufi R.B.M.E., herufi za kwanza za majina ya wachezaji wake wanne: Richard, Birgit, Marcia na Egon. Vijana kama John Neumeier na Jiří Kylián aliwaachia nafasi ya kutunga michezo yao. Baadaye kila mmoja akaongoza kundi lake.

Mwaka 1969 kundi hilo lilishangiliwa New York. Lakini tarehe 26 Juni 1973, wakirejea kutoka ziara nyingine ya Marekani, Cranko alifariki ndani ya ndege, naye ana umri wa miaka 45 tu.

Msiba ule ungaliweza kulitawanya kundi. Glen Tetley aliliongoza tangu 1974 hadi 1976; kisha usukani ukashikwa na Haydée, yule binti aliyelelewa humo humo, akaushika kwa miaka 20. Hata leo Onegin huchezwa katika nchi nyingi.

Uimara wa nyumba, au wa kikosi, hupimwa siku mkubwa asipokuwapo. Sajini amwachiaye kijana zamu angali yupo wa kumsahihisha, na mama amwachiaye binti jiko angali na nguvu zake, hawajipunguzii heshima. Wanaiwekea akiba kazi yao.