Kukatwa Kulikuwa Nusu ya Matibabu

Kovu la sikioni mwangu lilianza kuota miezi kadhaa baada ya kutoga tundu la pili kwenye ndewe. Kidonda kilikuwa kimeshapona na hereni nazivaa. Kikaja kipele kigumu nyuma ya sikio, kikavimba, kikavuka mipaka ya tundu lenyewe hadi kikawa kama kokwa ya tende. Maumivu yalivumilika. Kuwasha ndiko kulikonitesa, hasa usiku, kwa joto la Dar es Salaam. Mchana nilijitanda mtandio hadi mashavuni, na bado watu waliuliza.

Hospitali ya kwanza walilikata, wakanishona, wakaniruhusu. Hakuna aliyeniambia kwamba kovu la namna hii huitwa keloidi, wala kunieleza kwamba ikikatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya awali. Ikarudi. Nililia siku nilipoigusa tena, na kwa muda mrefu sikutaka kusikia habari za daktari yeyote.

Aliyeniokoa ni daktari wa ngozi, mama mtu mzima, asiye na haraka. Alinieleza kwamba kidonda kikishaziba, ngozi huendelea kujijenga kwa ndani kwa mwaka mzima au zaidi. Kwa mwenye keloidi ujenzi huo hauishi, na sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi. "Mwanangu," akaniambia, "kukata si kazi. Kazi inaanza nyuzi zikishatolewa."

Akalikata upya, kisha kila baada ya wiki 4 hadi 6 akawa ananichoma sindano ya dawa ya triamsinoloni ndani ya kovu lenyewe. Sitamdanganya mtu: inauma. Mahali pagumu huikataa sindano, dawa inasukumwa kwa nguvu, unaisikia mpaka kwenye taya. Ngozi ya hapo ilipauka kidogo, kama alivyokuwa amenionya. Nyumbani nilibandika plasta ya silikoni, saa zisizopungua 12 kwa siku. Jasho liliibandua, nikawa naiosha kwa maji na sabuni, naiacha ikauke juu ya sahani, naibandika tena. Baadaye nikapewa hereni ya kubana, inayolikandamiza kovu lisipate nafasi ya kuinuka. Shangazi aliniletea kitunguu saumu nipake. Nilimshukuru kwa moyo wote, ila sikukipaka.

Mama ndiye aliyenishikilia. Kila nilipochoka aliniita, "Hebu njoo nikuone sikio," akalipapasa kwa kidole gumba, akasema limelainika. Kuna siku alipapasa akanyamaza, nami nikajua bado.

Sasa umebaki mstari mwembamba, laini, hauwashi. Namshukuru Mungu. Kliniki bado nakwenda, kwa kuwa keloidi huweza kurudi hata baada ya mwaka. Na kwa kuwa hutembea ndani ya ukoo, binti wa dada yangu alipotaka kutoga masikio harusi moja ikikaribia, nilimpeleka kwanza kwa daktari yule yule.